Kabla Hujaitupa Runinga, Mulika Tochi

Runinga inayotoa sauti huku kioo kikiwa cheusi si lazima iwe imekufa. Zima taa za chumbani, iwashe runinga, kisha sogeza tochi ya simu karibu na kioo na umulike kwa mshazari. Ukiona picha hafifu ikicheza gizani, paneli inayounda picha ni nzima. Kilichoharibika ni taa zilizo nyuma yake, au saketi inayozilisha umeme. Kuzibadilisha ni kazi ambayo mafundi wengi wanaiweza, na gharama yake huwa ndogo sana ukilinganisha na ya paneli mpya. Inauma kuona watu wakiuza runinga za aina hii kwa bei ya kutupa kwa sababu tu hakuna aliyewaambia wajaribu tochi.

Kipimo hicho kinafanya kazi kwa kuwa paneli ya LCD haitoi mwanga wake yenyewe. Huko nyuma kabisa kuna taa ndogo za LED, na katika runinga nyingi kila moja imefunikwa kwa lenzi ya plastiki inayotawanya mwanga. Mbele yake kuna bamba la rangi ya maziwa linalousambaza mwanga huo sawasawa. Hufuata karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa vituta vidogo vya pembetatu, visivyoonekana kwa macho, ambavyo huuelekeza mwanga kwa mtazamaji badala ya kuuacha upotee darini na sakafuni. Hapo ndipo mwanga unaifikia paneli yenye polaraiza mbili, yaani karatasi zinazopitisha mawimbi ya mwanga ya mwelekeo mmoja tu. Mmarekani Edwin Land aliomba hataza ya karatasi ya namna hiyo mwaka 1929, muda mrefu kabla ya runinga za leo.

Safari hiyo ya mwanga ina hasara kubwa. Polaraiza ya kwanza huzuia takriban nusu ya mwanga, na vichujio vya rangi nyekundu, kijani na bluu huzuia kama theluthi mbili ya uliobaki. Ukianza na mwanga wa 100, tayari umebakiwa na kama 17, na bado kuna upotevu mwingine mbele. Ndiyo maana baadhi ya vioo huongezewa karatasi moja ya ajabu. Imetengenezwa kwa mamia ya tabaka za plastiki zilizobanwa pamoja, kila moja nyembamba kuliko wimbi la mwanga. Mwanga ambao polaraiza ingeumeza, karatasi hii huurudisha nyuma, ukajigeuza na kupata nafasi nyingine ya kupita. Picha hung'aa zaidi bila kuongeza umeme.

Ukizijua tabaka hizi, dalili nyingi zinasomeka. Madoa meupe ya mviringo yanayong'aa kupita kiasi mara nyingi maana yake ni kwamba gundi imeachia na lenzi za LED zimedondoka. Zikigandishwa upya, au utepe wa taa ukibadilishwa, madoa hayo huondoka. Usiifungue runinga mwenyewe, kwa sababu ndani hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa plagi. Ila mwambie fundi apange karatasi zile kwa mfuatano na upande zilivyokuwa, na asizishike kwa vidole vitupu. Alama ya kidole au vumbi likiingia humo, utalitazama kila siku kwenye taarifa ya habari. Taa zikishawekwa mpya, punguza mwangaza katika mipangilio, maana LED zinazoendeshwa kwa nguvu zote huchakaa haraka.

Kwa simu inayobadilishwa kioo, jambo kubwa ni hewa. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, karibu asilimia 4 ya mwanga unaokipiga hurudi. Simu nyingi za sasa zimegandishwa kioo cha juu na paneli kwa gundi angavu isiyoacha nafasi katikati. Kioo cha bei rahisi chenye mwanya huongeza nyuso mbili za kuakisi, na juani utaishia kuuona uso wako. Kwa hiyo, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, toka na simu hadi kwenye jua kabla hujalipa.

Kama simu yako ilikuja na kioo cha OLED, yaani kile kinachotoa mwanga wake chenyewe, ongeza kipimo kingine: fungua picha nyeusi tupu mahali penye giza. OLED huzima kabisa sehemu nyeusi. Ukiona ung'avu wa kijivu, umewekewa LCD, na ni haki yako kuuliza kabla pesa haijabadilisha mikono.

Usafi nao una kanuni zake. Vioo vingi vina utando mwembamba wa kupunguza uakisi wa mwanga, na dawa ya madirisha yenye amonia inaweza kuuharibu. Zima runinga, ipoe, kisha pangusa taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Doa likikataa, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi. Usipulizie maji moja kwa moja kwenye kioo: hutiririka hadi ukingo wa chini, na katika runinga nyingi hapo ndipo zilipo nyaya nyembamba zinazopeleka picha kwenye paneli.