Dondoo muhimu: Kununua kadi ya ramani ya ziwa

Kwa wavuvi wa mashua Marekani, hata kadi ya bei mbaya inaweza isisomwe na kifaa chako cha kutafutia samaki. Kabla ya kulipa:

1. Soma kwanza modeli ya kifaa. Kadi za ramani za LakeMaster ni za vifaa vya Humminbird. Kwenye vifaa vya Garmin hazifunguki.
2. Angalia tundu: SD au microSD?
3. Tafuta ziwa lako kwenye orodha ya maziwa ya kadi. Jina la jimbo kwenye pakiti halitoshi. Angalia pia mistari ya kina: ya kila futi 1 huonyesha vijiinuko wanakokusanyika samaki; ya futi 10 huviruka.
4. Kadi ya mtumba? Ijaribu kwenye kifaa chako, ndipo utoe pesa.
5. Kwenye mabwawa, rekebisha kimo cha maji kwenye kifaa. Bwawa la Lake Mead lilipopungua maji mno mwaka 2022, kina cha kwenye ramani kilidanganya, na mwamba haumsubiri mtu.