Mashine ya Kwanza ya Kujazia Risasi

Swali: Naishi Texas, nawinda kulungu kwa raifo ya .308 Winchester. Nataka kujaza maganda yangu mwenyewe nyumbani. Muuzaji ananisukumia mashine inayozunguka, inayotoa risasi kila ukivuta mkono. Niinunue?

Jibu: Bado, ndugu yangu. Mashine hiyo hufanya kazi kadhaa kwa mpigo, na macho ya mgeni hayawezi kuzifuata zote. Chukua ya hatua moja. RCBS Rock Chucker, hata iliyotumika, inafaa sana. Ongeza kalibu za .308, kishikio cha ganda, kalipa na kifaa cha kupunguzia maganda yaliyozidi inchi 2.015.

Usibane pesa kwenye mizani. Isome hadi 0.1 ya greni, na iwe na uzani wa kuihakiki. Zima feni unapopima. Upepo kidogo tu huyumbisha namba. Mezani pawe na kopo moja la baruti, basi, maana aina mbili zikichanganyika bunduki yaweza kupasuka usoni.

Kitabu cha vipimo kinunue kwanza kabisa, na uanzie kiwango chake cha chini. Miwani ya kinga sina haja ya kukutajia, natumaini.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania, huko kwenu kujaza risasi bila leseni ni kosa la jinai.