Mbwa na Paka Wakati wa Sikukuu: Maswali Yanayoulizwa Kila Mwaka

Krismasi, Mwaka Mpya na Idi huleta nyumbani chakula kingi, wageni wengi na kelele. Watu wengi huhofia fataki zaidi. Lakini kinachostahili kuangaliwa kwanza ni sahani, kwa sababu anayempa mnyama sumu mara nyingi ni mgeni mwenye huruma asiyejua anachokitoa.

Pilau iliyobaki, si naye ale?

Hapana. Pilau yetu hukaangiwa vitunguu maji vingi, kisha kitunguu saumu juu yake. Vitunguu hivi, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka hudhurika upesi zaidi. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: mnyama analegea, fizi zinapauka, mkojo unageuka mwekundu au wa kahawia. Kufikia hapo sikukuu imepita na hakuna anayekumbuka pilau. Kuchambua vipande hakusaidii, maana kitunguu kimeshaingia kwenye mchuzi na mafuta.

Zabibu kavu, zile tunazotia kwenye biriani, keki na tambi za Idi, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachoweza kuhakikishwa kuwa salama kwake. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huchelewa kuitoa. Kadiri chokoleti ilivyo nyeusi, ndivyo inavyodhuru zaidi. Bigijii na pipi zisizo na sukari huweza kuwa na zailitoli, inayoshusha sukari ya mbwa haraka hadi akaanguka. Ukitaka naye afurahie, mchemshie nyama isiyo na mafuta, chumvi wala viungo, umchanganyie na wali mweupe au ugali.

Na mifupa?

Mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Usimpe, na ufunike pipa la taka.

Tunachinja mbuzi nyumbani. Mbwa apewe matumbo?

Hapa tuna desturi inayohitaji kuachwa kabisa. Maini au mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huweza kuwa na malengelenge ya maji, ambayo ndani yake mna mabuu ya minyoo tegu. Mbwa akiyala mabichi, minyoo hukomaa utumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi, mengine yakabaki kwenye manyoya. Mtoto anampapasa mbwa, anakula bila kunawa, na uvimbe unaota taratibu kwenye ini au mapafu yake kwa miaka mingi kabla haujajulikana. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni kati ya maeneo yaliyowahi kuathiriwa sana na ugonjwa huu duniani. Kiungo chenye malengelenge kichomwe moto au kizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Muulize daktari wa mifugo ratiba ya dawa ya minyoo ya mbwa wako.

Paka anachezea mapambo. Kuna shida?

Ipo. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, hivyo akianza kulamba utepe au uzi unaometameta ni vigumu kuutema. Ukifika ndani huukunjakunja utumbo na kuukata. Ukiuona umechungulia kwenye njia ya haja kubwa, usiuvute. Mpeleke kwa daktari. Maua ya lili yasiingie kabisa kwenye nyumba yenye paka: hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inaweza kuua figo.

Fataki zikianza?

Mwingize ndani mapema kabla ya saa sita usiku, funga madirisha, washa redio. Usimwache kwenye mnyororo, kwani mbwa aliyeshtuka huruka ukuta na anaweza kujinyonga. Ukimkumbatia humwongezei woga, kinyume na wanavyodai wengi. Mpe mtu mmoja kazi ya kuangalia geti wageni wanapoingia na kutoka.

Amekula kitu kibaya. Nifanye nini?

Mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata yako, umweleze alichokula, kiasi na saa. Usimnyweshe chumvi, mafuta wala maziwa ili atapike. Usimpe dawa za binadamu: kidonge kimoja cha parasetamo cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka. Kliniki nyingi hufungwa sikukuu, kwa hiyo tafuta namba ya anayepatikana kabla ya siku yenyewe.

Mtoto wa mgeni ameng'atwa. Jeraha ni dogo, tusubiri?

Msisubiri. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpelekeni mtoto hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo na mbwa ni wa nyumbani. Mbwa na paka huanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 3 hivi. Kama wako hajachanjwa, mchanje kabla wageni hawajafika.