Somo: Kabla Jiji Halijanunua Mfumo Mpya wa Simu



Chukulia kwamba ni saa nane usiku na mwanao ana homa kali. Unapiga namba iliyoandikwa ukutani katika kituo cha afya cha halmashauri ili ujue kama kuna mganga wa zamu. Simu inaita hadi inakatika. Huwezi kujua kama umeme umezimika, kama laini imeharibika, au kama simu inalia ndani ya chumba kilichofungwa tangu jioni. Kwako wewe matokeo ni yaleyale: hukupata msaada. Kwa anayepanga mfumo wa simu, hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina tiba yake endapo litafikiriwa mapema.

Halmashauri ya jiji inapoamua kubadili simu za majengo yake, yaani makao makuu, ofisi za kata, vituo vya afya, shule na masoko, fedha zinazotumika ni za wananchi, na watakaopiga simu hizo ni wananchi. Katika somo hili tunaeleza mambo matano yanayopaswa kupangwa kabla ya zabuni kutangazwa. Msomaji hahitaji kuwa fundi. Inatosha ajue aulize nini.

1. Kuhesabu kilichopo

Hatua ya kwanza ni kupita jengo kwa jengo na kuorodhesha kila laini: inaishia wapi, nani huipokea, na inalipiwa kiasi gani kwa mwezi. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayofichua laini zinazolipiwa ilhali hakuna simu upande wa pili.

Hufichua pia laini zisizotumiwa na mtu. Kengele ya moto, lifti na kengele ya wezi huweza kuwa zimeunganishwa na laini ya zamani ya waya wa shaba. Uingereza ilikutana na jambo hili kwa ukubwa wake. Mtandao wa zamani wa simu za mezani ulipangwa kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2025, kisha tarehe ikasogezwa hadi Januari 2027, na sababu mojawapo ilikuwa kuwalinda wazee na wagonjwa ambao vifaa vyao vya kuitia msaada nyumbani vilitegemea laini hizo. Jiji lisilojua laini zake zinafanya kazi gani linaweza kuikata ile ambayo siku moja ingeokoa maisha.

2. Laini ngapi, na watu wangapi

Wapo wanaodhani kwamba idadi ya laini hukisiwa tu. Sivyo. Mwaka 1917 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo. Kanuni hiyo huanza na maswali mawili: katika saa yenye shughuli nyingi hupigwa simu ngapi, na kila moja huchukua dakika ngapi?

Tuchukue mfano. Jumatatu, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, watu 60 wanapiga simu makao makuu kuulizia leseni za biashara na vibali vya ujenzi, na kila mmoja anazungumza kwa dakika 3. Hizo ni dakika 180, yaani saa tatu za mazungumzo ndani ya saa moja. Mtu atasema, basi laini 3 zinatosha. Lakini watu hawapigi kwa zamu. Hupiga kwa pamoja, kisha kimya, kisha kwa pamoja tena. Kwa kanuni ya Erlang, laini 3 zitawaacha takriban watu 35 kati ya kila 100 wakiambiwa kwamba namba inatumika. Laini 6 hupunguza idadi hiyo hadi watu 5 hivi. Laini 8 huishusha chini ya mtu 1.

Hata hivyo, laini haipokei simu. Mtu ndiye hupokea. Saa tatu za mazungumzo ndani ya saa moja ni wafanyakazi watatu wanaoongea bila kupumua wala kuandika neno. Kwa hiyo mpango unaotaja laini nane na mpokeaji mmoja haujakamilika. Utakachofanya ni kumtoa mwananchi kwenye mlio wa "namba inatumika" na kumweka kwenye muziki wa kusubiri.

3. Umeme ukizimika

Simu ya zamani ya waya wa shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule wa mazungumzo, na kituo kilikuwa na betri. Ndiyo maana taa za nyumbani zilizimika na simu ikaendelea kulia. Simu mpya za ofisini hupitisha sauti kwa njia ya intaneti. Zina faida nyingi: ofisi za kata na makao makuu huweza kuzungumza bila gharama ya kila dakika, na simu moja huweza kuhamishwa kutoka jengo hadi jengo. Lakini zinahitaji umeme pale zilipo, pamoja na vifaa vinavyoziunganisha. Umeme ukizimika bila betri ya akiba, jengo zima huwa bubu.

Njia ya intaneti nayo ipimwe. Simu moja huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, hivyo simu kumi za wakati mmoja huhitaji karibu megabiti moja. Si kiasi kikubwa. Tatizo hutokea pale njia hiyo hiyo inapobeba video na mafaili makubwa ya ofisi, sauti ikaanza kukatika. Mtambo hupaswa kupangwa ili sauti ipite kwanza. Kwa kituo cha afya, tunashauri pia kuwe na simu ya mkononi ya akiba yenye chaji, ambayo simu zote huelekezwa mfumo mkuu unapozima.

4. Namba za dharura

Mwezi Desemba 2013, katika hoteli moja mjini Marshall, Texas, nchini Marekani, mtoto wa miaka tisa alijaribu mara nne kupiga namba ya dharura, 911, wakati mama yake akishambuliwa. Simu haikutoka. Simu za hoteli hiyo zilidai mtu abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje, na mtoto hakujua. Mama alifariki. Mwaka 2018 Marekani ilitunga sheria inayotaka simu za majengo ya namna hiyo ziruhusu namba ya dharura kupigwa moja kwa moja.

Hapa kwetu, polisi hupatikana kwa 112 na zimamoto kwa 114. Jaribio ni rahisi: mgeni aliyeingia jengo la halmashauri leo, asiyejua taratibu zake, akiinua simu ya mezani na kubonyeza 114, je, simu itatoka? Mfumo mpya usipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla jambo hilo halijathibitishwa katika kila jengo, kwa kuvitaarifu vikosi husika mapema.

5. Gharama, namba na taarifa zako

Wananchi wengi hupiga kwa simu za mkononi, na kila dakika ya kusubiri ina bei yake. Namba inayoanza na 0800 ni ya bure kwa mpigaji. Gharama hubebwa na taasisi. Kwa huduma kama afya, hilo ni jambo la kujadiliwa wakati bajeti ingali mezani.

Mkataba useme wazi kwamba halmashauri ikibadili mtoa huduma, namba iliyozoeleka na watu haitapotea. Namba iliyochapishwa kwenye risiti, mabango na kadi za kliniki ikibadilishwa, wazee na wasiosoma magazeti ndio hubaki nyuma. Mwisho, mazungumzo yakirekodiwa, mpigaji aelezwe kabla na aambiwe sababu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki hiyo.

Maswali ya kuuliza

Katika mkutano wa mtaa, au unapokutana na diwani wako, uliza:

(a) Je, laini zote zilizopo zimehesabiwa, zikiwemo za kengele na lifti?
(b) Saa yenye simu nyingi hupigwa simu ngapi, na wapokeaji ni wangapi?
(c) Umeme ukizimika, simu ya kituo chetu cha afya itafanya kazi kwa saa ngapi?
(d) Je, 112 na 114 zinapigika moja kwa moja kutoka kila jengo?
(e) Baada ya saa za kazi, simu inaelekezwa kwa nani?
(f) Namba itabaki ileile?

Hakuna swali hata moja hapo linalohusu aina ya mtambo au rangi ya simu, kwa kuwa hayo huja baadaye. Halmashauri yenye majibu ya maswali haya iko tayari kutangaza zabuni. Isiyo na majibu irudi kwanza kwenye majengo yake, ikahesabu laini na kusikiliza nani anapiga. Huyo anayepiga saa nane usiku hatauona mtambo. Atajua tu kama simu imepokelewa.