Visiwa vya Mafia: Somo kwa Watu wa Bara

Sisi watu wa Babati tunalo ziwa letu na viboko wake, na mlima Kwaraa umesimama juu yake. Kwa hiyo hatuna haja ya kusafiri ili tuone maji. Lakini maji ya ziwa hayana desturi ya kuondoka asubuhi na kurudi alasiri. Mwalimu mmoja wa huku kwetu alitusimulia kwamba siku moja alipokuwa akifundisha habari za kupwa na kujaa, mtoto aliinua mkono akauliza, “Mwalimu, yanapoondoka, maji huenda wapi?” Mwalimu alikuwa na maneno ya kitabu tu, maana yeye mwenyewe hakupata kuiona bahari tangu azaliwe. Kwa ajili yake na wengine walio kama yeye twaandika habari hizi za visiwa vya Mafia, ambavyo tulivizuru watu watatu kutoka hapa mjini.

Visiwa hivi vimo katika Mkoa wa Pwani, mkabala na milango ya mto Rufiji. Kilicho kikubwa ndicho Mafia yenyewe, urefu wake kama maili 30, na mji wake ni Kilindoni. Upande wa kusini mashariki vimezunguka vidogo vyake: Chole, Juani na Jibondo, na upande wa magharibi kipo Bwejuu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 wilaya nzima ilikuwa na watu 46,438, na hesabu ya 2022 iliwaona zaidi ya 60,000. Ni wachache ukiwalinganisha na wilaya nyingi za bara.

Njia ni hii. Kutoka Babati mpaka Dodoma ni kilometa 251, nayo ni lami tupu tangu mwaka 2018. Kutoka Dodoma msafiri hushika njia ya Morogoro mpaka Dar es Salaam, kisha barabara ya kusini mpaka Bungu, na hapo huiacha lami kuelekea Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kwenye vyombo vya kuvukia. Aliye na fedha hupanda eropleni ndogo Dar es Salaam, naye hufika Kilindoni kwa muda wa nusu saa hivi. Sisi hatukuwa nazo. Chombo hutoka Nyamisati kikipita kati ya mikoko ya Rufiji, ambayo ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya mwambao wa Afrika ya Mashariki, na kwa muda mtu hudhani kwamba bado yu mtoni. Kisha miti hukoma, na hapo ndipo mwenzetu mmoja, ambaye kwao Dareda husifiwa kwa nguvu za kulima, alilala kifudifudi wala hakuinua kichwa mpaka Kilindoni.

Sasa turudi kwa swali la mtoto yule. Maji hayaendi kujificha mahali. Mwezi huyavuta maji ya bahari, na jua pia huyavuta kwa nguvu iliyo ndogo zaidi. Maji huinuka upande wa dunia unaouelekea mwezi na upande wa pili wake pia, na kushuka kati ya pande hizo, na dunia ikizunguka, kila pwani hupata zamu yake. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, na ndiyo sababu saa ya kujaa huchelewa kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja. Maji hayo huitwa bamvua, na huko Mafia huinuka zaidi ya futi 10. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Ziwa letu ni dogo mno kwa mvuto huo kuonekana kwa macho.

Mtu wa visiwani hupanga siku yake kwa maji zaidi ya kwa saa ya ukutani. Tulipotaka kuvuka kwenda Juani tuliuliza chombo huondoka saa ngapi, tukajibiwa, “Maji yakijaa.” Tuliona jibu hilo ni la uvivu, mpaka tulipoiona mashua yenyewe imelala ubavu juu ya mchanga, na wanawake wakipita karibu yake na vijiti vyao kwenda mwambani kutafuta pweza.

Kisiwa cha Chole ni kidogo, nacho zamani ndicho kilichokuwa mji. Kisiwa kikubwa kiliitwa Chole Shamba, na hiki Chole Mjini. Wadachi walioitwaa Mafia mwaka 1890 waliweka boma lao hapo, mpaka 1913 walipohamia Kilindoni. Magofu ya mawe yamebaki, na mizizi ya miti imeyakumbatia kuta hata haijulikani sasa ni nani anayemshikilia mwenziwe. Juu ya miti mikubwa hulala popo walao matunda, wakubwa kuliko popo wetu wa bara, na jua likichwa huruka makundi kwa makundi kwenda kula kisiwa kikubwa.

Juani kuna magofu ya Kua, mji uliokuwa na jumba na misikiti ya mawe. Wazee husimulia kwamba watu wa Kua na watu wa Kisimani, mji mwingine uliokuwa upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, walikuwa na uadui. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika wa Kua kwenye karamu ya kulishusha. Na siku hiyo waliwatwaa watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, wakalipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka mingi. Kisha wakawaalika wa Kisimani arusini, katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba. Wenyeji walitoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha wageni, na huku nje mlango ukijengwa kwa mawe. Hiyo ni hadithi. Iliyo tarikhi ni kwamba katika miaka ya 1820 Wasakalava wa Bukini walikuja kwa mitumbwi yao, wakauteka Kua na kuwachukua watu utumwani, na mji haukukaliwa tena. Kisimani nao uliliwa na bahari kidogo kidogo, na dhoruba ya Aprili 1872, iliyoangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, yasemwa ndiyo iliyoumaliza.

Lipo jambo moja la Mafia lililofika mpaka huku kwetu, nalo wengi hawalijui. Katika Vita Kuu ya kwanza, manowari ya Wadachi iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya Rufiji. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia, wakaweka eropleni zao huko ili ziruke juu ya mikoko na kuonyesha mahali ilipo. Tarehe 11 Julai manowari Severn na Mersey ziliipiga hata Wadachi wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikatiwa magurudumu, ikapigana barani. Aprili 1916 majeshi ya Jemadari Van Deventer yalipita Ufiome yakashika Kondoa. Na mwezi uliofuata mmoja wa mizinga ile ya baharini ulikuwa ukiwapiga hapo Kondoa, mahali ambapo wengi wa wenyeji hawakuwahi kuona hata ngalawa.

Tuje kwa wanyama. Tangu Oktoba mpaka Februari hivi huonekana karibu na Kilindoni papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote wa dunia. Jina la papa lisimtishe mtu: hula uduvi na vijidudu vidogo vya majini kwa kufungua kinywa na kuchuja maji, na wavuvi wa dagaa huwa nao mahali pamoja bila ugomvi. Pwani ya Juani inayoelekea bahari kuu hutaga kasa. Kasa jike hupanda usiku, huchimba shimo, hutaga mayai zaidi ya 100, hufukia na kurudi majini. Nayo huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Zamani mayai hayo yalichimbwa yakaliwa. Tangu 2001 mpango umewekwa ambao mwanakijiji aonaye kiota hulipwa kitu kwa kukitoa habari, na hulipwa tena kwa makasa wadogo watakaotoka. Twauona mpango huu kuwa wa busara, kwa kuwa haukumwambia mtu mwenye njaa aache tu.

Habari za uvuvi ni ngumu zaidi. Matumbawe yaonekanayo kama mawe hujengwa na viumbe hai wadogo sana, tena hukua polepole. Watu wengine walivua kwa baruti, na wengine waliyachimba matumbawe wakayachoma kupata chokaa. Kwa hiyo mwaka 1995 Serikali ilifanya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza katika Tanzania, ukubwa wake kilometa za mraba 822. Ndani yake zipo sehemu zisizovuliwa kabisa, sehemu ambazo wenyeji huvua kwa zana zilizokubaliwa, na sehemu za wote kwa masharti. Wageni hulipa ada ya kuingia, na sehemu ya fedha hizo ni haki ya vijiji.

Si wote walioridhika. Jibondo ni kisiwa cha mawe, udongo wake ni kidogo, na kwa miaka mingi maji ya kunywa yaliletwa kwa mashua. Watu wake hutegemea bahari na ufundi wao wa kuunda vyombo. Mzee mmoja huko alituuliza, “Kwenu Babati, wakikataza ziwa, mnakula nini?” Tukamjibu kwamba tunalima mahindi na mbaazi. Akasema, “Basi ninyi mnaweza kukatazwa.” Hatukupata la kumrudishia. Lakini twasema kwa haki kwamba baruti nayo haikumwachia mtoto wake chochote, na kwamba katika ziwa letu pia nyavu zenye macho madogo zimepigiwa kelele na wale wale wanaozinunua. Wala si yote ni kosa la mvuvi: mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Mafia yakageuka meupe yakafa.

Tarehe 4 Mei 2024 tufani iitwayo Hidaya ilipanda nchi kavu hapo hapo Mafia. Miezi mitano kabla yake, Desemba 2023, sisi tuliona mlima Hanang ukishusha matope juu ya Katesh. Tulipotaja jambo hilo Kilindoni, mwanamke mmoja aliyekuwa akituuzia chai aliweka birika chini akatupa pole, kisha akatuonyesha minazi iliyolala.

Atakaye kupeleka wanafunzi na aende wakati wa kaskazi, Novemba mpaka Machi, maana kusi huichafua bahari. Mwalimu yule tulimletea jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam. Amelitundika ukutani, na kila asubuhi mtoto mmoja husimama kuwasomea wenzake saa ambayo maji yatajaa.