Kuseti Nyumba Kwenye Mteremko wa Kingerikiti

Kingerikiti, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, ipo kwenye milima inayotelemka kuelekea Ziwa Nyasa. Kiwanja cha tambarare huku ni bahati. Wengi hujenga kwenye mteremko, na mteremko hulidanganya jicho: kila unapotazama ardhi imeinama, kwa hiyo huna cha kulinganishia. Ukuta ulioonekana umesimama ukiwekewa timazi, yaani kile chuma kilichochongoka kinachoning'inia kwenye uzi, hukutwa umeinama. Fundi hodari analijua hilo, ndiyo maana haamini macho yake mwenyewe.

Kuseti ni kuhamishia vipimo vya ramani ya nyumba kwenye ardhi. Tuanze na tepu, maana hapo ndipo kiwanja hupotea bila mwenyewe kujua. Urefu unaoandikwa kwenye ramani ni urefu uliolala kama uso wa maji, si ule wa ardhi unayoikanyaga. Ukivuta tepu mita 20 kwa kufuata ardhi iliyoshuka mita 6, umepata mita 19 na sentimita 8 tu. Karibu mita nzima imekwenda. Basi pima kwa hatua fupi za mita 2 au 3, tepu ikiwa imelala sawasawa, mwenzako wa upande wa bondeni ameinua mkono. Kutoka kwenye alama yake ashushe timazi, na pale ncha yake inapogusa udongo ndipo kigingi kinapopigiliwa. Halafu mnashuka hatua nyingine. Tumieni tepu ya chuma. Zile laini huvutika zikikazwa.

Pembe za nyumba hazihitaji mashine. Kutoka kwenye kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili pakiwa na mita 5 kamili, kona iko skwea. Nyumba ya mita 9 kwa 12, kona hadi kona kwa mshazari, lazima itoe mita 15. Pima mishazari yote miwili. Ikitofautiana, usiruhusu jembe liguse ardhi. Lakini hesabu hii ni ya kweli endapo tu uzi uliofungwa kati ya vigingi umelala sawa, na uzi haulali sawa kwa kukadiria.

Hapo ndipo mpira wa maji unapoingia, kifaa ninachokiheshimu kuliko vyote vya ujenzi. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita 15 au 20, uliojazwa maji. Maji ya ncha moja na ya ncha nyingine hukaa kimo kimoja, hata kama katikati mpira umepita shimoni au umezunguka kona ya jengo. Kabla ya kuutumia, zileteni ncha zote mbili pamoja: maji yakiwa hayako sawa, kuna povu la hewa ndani, au mpira umejikunja, au mtu ameziba ncha kwa kidole. Povu dogo linatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Mwageni, jazeni upya polepole.

Kwa mpira huohuo utajua mteremko wa kiwanja chako unashuka kiasi gani, na hapo fundi ataamua ngazi za msingi. Msingi wa mteremkoni huchimbwa kwa ngazi, kila ngazi sakafu yake ikiwa imelala sawa na kukaa kwenye udongo usiochimbuliwa. Kuchimba upande wa mlimani na kumwaga kifusi upande wa bondeni, kisha kusimamisha ukuta juu ya kifusi, ni kuualika ufa. Mpira utakupimia pia mtaro wa nyuma ya nyumba: ukishuka sentimita 1 kwa kila mita, maji ya mvua yatapita pembeni. Wamatengo wamelima milima hii kwa vizazi kwa ngoro, mashimo yanayoyatuliza maji yasibebe udongo. Nyumba nayo inadai kujali maji namna hiyo.

Pima maji, ile yenye kichupa na povu, nayo huharibika ikianguka. Iweke juu ya ubao, soma povu, kisha igeuze kichwa mkiani mahali palepale. Povu likihamia upande mwingine, kifaa ni kibovu, kijengee banda la kuku kama ni lazima, si nyumba.

Kwa shule, zahanati au daraja, vifaa hivi havitoshi. Huko hutumika mashine ya leveli yenye darubini na fimbo yenye vipimo, au ile inayopima pembe na umbali kwa mwanga. Mipaka nayo ni kazi ya mpima ardhi. Simu yako yenye ramani inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ni ugomvi na jirani. Bikoni, yaani alama za mipaka, zikishawekwa, usizing'oe wala kuzisogeza, hata kama zinazuia njia ya toroli; ni kosa kisheria.

Mvua huku huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili. Ikinyesha baada ya kuseti, asubuhi yake rudi na tepu, mpira na timazi, upime mishazari tena kabla ya kumwaga zege. Vigingi huhama kwenye udongo uliolowa.