Kuahidi kesho usiyoijua



Kwenye vikao vyetu vya VIWAWA swali la ndoa huwa linakuja kwa sura ileile: nitaahidije kukaa na mtu maisha yote na kesho siijui? Wengine wameshalijibu kwa vitendo, wanaanza kukaa pamoja, kanisani "tutaona huko mbele".

Swali lenyewe ni zito. Mwanafalsafa Mkatoliki wa Ufaransa, Gabriel Marcel, alilihangaikia sana. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alikuwa Msalaba Mwekundu, kazi yake kutafuta habari za askari waliopotea, na waliomjia ni ndugu waliotaka kujua kama mtu wao bado yupo. Baadaye aliandika kwamba uaminifu si kutabiri. Anayeahidi hasemi "najua nitakavyojisikia miaka 30 ijayo". Anajitoa, halafu ahadi hiyo inamjenga kila siku.

Sisi wa Kigoma hatuhitaji kwenda mbali kuelewa hilo. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, vita vilifuata na watu wakakimbilia kwetu. Wapo waliofika bila wenzi wao. Mwenzi asipojulikana alipo, anayebaki anaweza kufunga ndoa nyingine? Sheria ya Kanisa, kanuni 1707, inasema kutoonekana peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi. Askofu lazima afikie uhakika wa kimaadili kwamba amefariki. Ni ngumu, tusidanganyane. Kanuni 1102 nayo inakataa ndoa yenye sharti la baadaye. Huwezi kusema "nakuoa, ila mambo yakienda vizuri". Ukisema hivyo na kumaanisha, hujafunga ndoa.

Sasa tazama Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Mama Maria. Walioana 1953, yeye mwalimu. Mwaka 1955 akaacha kazi Pugu kwa ajili ya siasa, mshahara ukakatika, na Mama akawa na duka dogo Dar es Salaam. (Hapo ndoa nyingi za leo zingeitisha kikao cha ukoo.) Zikaja Ikulu, watoto wanane, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo mume ndiye aliyepeleka vijana wa watu vitani. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa wazi siku ya harusi.

Mwaka 1985 akang'atuka urais, wakarudi Butiama. Sisi vijana tunaogopa miaka ya mwanzo, lakini nadhani kustaafu kunapima zaidi: cheo kimeondoka, wageni wamepungua, mmebaki wawili. Tena wao hata huo utulivu hawakuachiwa wote. Kuanzia 1996 Mwalimu alisuluhisha vita vya Burundi, vilevile vilivyojaza kambi za Kasulu na Kibondo, na mazungumzo ya Arusha yakaanza 1998. Mzee wa miaka zaidi ya 70, mgogoro wa watu wengine, na mke anayebaki nyumbani akisali.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla mkataba haujasainiwa Agosti 2000. Mama Maria, akiwa mjane, aliendelea kwenda hija Namugongo kwa miaka mingi, kumwombea.